Chombo Hupimwa Siku ya Upepo

Mtu anunuaye chombo hukitazama ufukoni, maji yakiwa shwari. Hapo kila chombo ni kizuri. Leo tuseme habari za kayaki ya bahari, yaani mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu, ambao mwenyewe huuendesha kwa kafi lenye bapa pande zote mbili.

Wainuit wa Greenland walikuwa wakiijenga kwa mbao zilizoletwa na mawimbi, wakaifunika kwa ngozi za sili. Kila mwindaji alikuwa na chombo cha kipimo cha mwili wake, kama vile mtu apimwavyo nguo. Siku hizi mafundi hutumia plastiki na nyuzi za kioo, lakini kanuni ni zile zile.

Basi tuchague namna gani? Kwanza, tusidanganywe na upana. Chombo kipana hutulia majini shwari, lakini wimbi la ubavuni hukiinamisha pamoja nalo. Kayaki yenye upana wa sentimita 55 hivi na urefu wa mita 5 hutikisika kidogo, lakini humtii mwenye ujuzi. Pili, isiinuke sana juu ya maji, maana kilichoinuka hushikwa na upepo. Tatu, upepo wa ubavuni hupenda kugeuza omo kuuelekea. Kwa hiyo nyuma pawe na usukani, au kipezi cha kushusha majini. Nne, ndani pawe na kuta zisizopitisha maji, mbele na nyuma, ili chombo kikipinduka kisizame. Na juu pawe na kamba za kushika.

Mwaka 1956 daktari Mjerumani, Hannes Lindemann, alivuka Atlantiki kwa kayaki ya turubai katika siku 72. Kabla ya hapo alikwisha kuivuka kwa mtumbwi wa gogo uliochongwa Liberia. Usiku mmoja mawimbi yaliipindua kayaki yake, naye akaung'ang'ania mgongo wake hata mapambazuko. Chombo hakikuzama, na yeye alikuwa amejizoeza kwa miezi mingi asikate tamaa.

Tusinunue, basi, kabla ya kuketi ndani na kuijaribu katika upepo kiasi, karibu na ufuko, pamoja na mwenzi, tukiwa tumevaa koti la kuokolea. Tena siku bahari ikichafuka kupita ujuzi wetu, tuiache kayaki nchi kavu. Kesho upepo utatulia, nasi tutakuwapo.