Wenye mabegi mgongoni wana nafasi Bumbire

Mazungumzo ya utalii wa Kagera yana kawaida ya kuishia kwenye hoteli ambayo haijajengwa na mwekezaji ambaye hajafika. Wakati huo huo, kutoka vilima vya Maruku mpaka mwisho wa Muleba, Ziwa Victoria liko pale pale na visiwa vyake viko pale pale: Musira mbele ya mji wa Bukoba, kisha Bumbire, Kerebe, Ikuza, Goziba na vingine, zaidi ya 20 kwa Muleba peke yake, wilaya ambayo zaidi ya nusu ya eneo lake ni maji. Kwa maoni yangu, mgeni wa kuanza naye si yule wa ndege ya kukodi. Ni wale vijana wawili, mke na mume au wachumba, wenye mabegi mgongoni na fedha za kuhesabu, wanaozunguka dunia wakitafuta chombo cha tanga kiwatoe kisiwa hiki kiwapeleke kile. Leo wanakwenda Unguja, Mafia na Lamu. Tukijipanga watakuja na huku, na maandalizi ya kuwapokea yatawafaa kwanza watu wetu wenyewe.

Wapo watakaocheka: nani atoe nauli akae juu ya ubao mgumu, anarushiwa maji usoni? Jibu liko pwani yetu. Kampuni ya Uingereza, The Adventurists, ilianzisha mashindano ambayo wageni hulipa ili waendeshe wenyewe ngalawa, chombo kile kile cha mvuvi, gogo lililochongwa na mirengu pande mbili. Hakuna choo humo wala kivuli. Ugumu wenyewe ndio wanaoununua. Kwa jirani zetu Uganda, visiwa vya Ssese vilipokea wenye mahema miaka mingi kabla kivuko cha MV Kalangala hakijaanza kazi mwaka 2006. Ni kweli fedha ya mgeni wa namna hii ni ndogo, lakini tazama inakopita. Sato ananunuliwa mwaloni, anapikwa na mama ntilie, kitanda ni cha gesti ya kambi ya wavuvi, nahodha analipwa mkononi. Ndege inayotua Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, huingiza dola nyingi kwa mkupuo, na ni vyema iendelee kutua. Ila dola hizo hazimfikii muuza chapati wa Kerebe.

Kuna jambo jingine ambalo wapangaji wa ofisini hawalioni kwa sababu hawahesabu mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa katika giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina kazi. Mitumbwi inapumzika mchangani, vijana wanashona nyavu au wanacheza bao, na kambi nzima inakula kwa mkopo mpaka giza lirudi. Siku hizo za mwezi mpevu, vyombo na wenye kuyajua maji wapo bila kazi. Hakuna haja ya kumtoa mtu kwenye uvuvi ili awe mwongoza watalii. Kalenda ya ziwa imekwisha kumpa likizo isiyo na malipo.

Pingamizi zito ni ziwa lenyewe. MV Bukoba ilitoka huku huku kwetu, ikapita bandari ya Kemondo, ikazama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua watu zaidi ya 800. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara na kuua 228. Nani mwenye akili timamu auze safari juu ya maji hayo? Tuanze na ukweli kwamba katika ajali zote mbili lawama kubwa iliangukia kuzidisha abiria, kosa la binadamu, si la mawimbi. Dhoruba nazo zipo, na huua wavuvi kila mwaka. Wakizieleza, wazee walimtaja Mugasha, mwenye ziwa. Wataalamu wa hali ya hewa wanaeleza kuwa mchana upepo hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku nchi inapopoa unageuka, na pepo za pande zote hukutana juu ya maji yenye joto na kupandisha mawingu ya radi. Ndiyo maana Bukoba huamshwa na mvua ya alfajiri. Kwa kiasi kikubwa, basi, hatari hii ina saa zake. Chombo cha wageni kitoke baada ya mawingu ya asubuhi kutawanyika, kiwe kimefunga gati kabla jua halijazama, na siku ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa imetoa onyo kisitoke kabisa, hata kama wageni wamekwisha kulipa.

Hapa ndipo penye faida ninayoithamini kuliko dola. Kusajili chombo na kubeba jaketi okozi ni matakwa ya sheria tayari. Kinachokosekana ni abiria anayekataa kupanda. Mama wa Kerebe anayempeleka mtoto hospitali hana uwezo wa kukataa, boti ndiyo hiyo hiyo. Mgeni anao, na bima yake inamlazimisha. Mtu ataniambia ni aibu kumngoja Mzungu ndipo tununue maboya. Ni aibu kweli, lakini aibu hiyo tunayo tangu zamani, na boya lililonunuliwa kwa ajili ya mgeni siku ya pili litavaliwa na mtoto huyo. Kuhusu tanga, ambalo boti za Muleba zimeliacha kwa injini na kasia, mafundi wake hawako mbali: upande wa Mara na Kenya bado linatumika. Injini ibaki kama akiba. Na watu wa kuaminiwa tunao. Ndege ya Precision Air ilipoanguka ziwani tarehe 6 Novemba 2022, wavuvi walikuwa wa kwanza kufika, na watu 24 kati ya 43 wakatoka hai.

Kambi zetu si picha ya kadi ya posta. Zinanuka dagaa, vyoo havitoshi, na kichocho kipo kwenye maji yaliyotuama penye majani. Mgeni aambiwe hivyo kabla hajalipa: asioge ufukweni, na akirudi kwao apimwe. Atakayeghairi aghairi. Wenyeji nao wana haki ya kumwuliza anafuata nini, maana Bumbire inamkumbuka mpelelezi Stanley, aliyefika kwa mashua mwaka 1875, akagombana na watu wa kisiwa, kisha akarudi Agosti na bunduki kuwapiga risasi waliosimama ufukweni. Kwa hiyo bei, njia na sehemu za kulala zipangwe na serikali za vijiji vya visiwani, si na wakala wa Arusha. Halmashauri ianze na ubao mmoja pale Kemondo, chaki, na mtu wa kuandika utabiri wa ziwa kila siku saa 12 asubuhi. Kazi hiyo haihitaji mfadhili.