Balbu ikiwa baridi hesabu inabadilika

Volti gawanya kwa ampea unapata ukinzani, volti mara ampea unapata wati. Hapo sina neno. Ila kuna jambo linalowachanganya wanafunzi, hata mafundi: ukinzani wa kitu kilichopoa huenda usiwe ule wa kitu kinachofanya kazi.

Chukua balbu ya zamani ya waya, ya wati 60 kwa volti 230. Inavuta ampea 0.26 hivi, kwa hiyo ukinzani wake ni omu 880 na ushee. Sasa ichomoe, iache ipoe, kisha uipime kwa mita: utapata chini ya moja ya kumi ya hapo. Mita ni nzima. Waya wa tangsteni ukipata moto, ukinzani wake hupanda sana, ndiyo maana balbu hizo huungua mara nyingi pale pale unapobonyeza swichi, mkondo ukiwa mkubwa kupita kiasi.

Hita ya maji haina mabadiliko makubwa hivyo, kwani waya wake kwa kawaida ni wa nikromu. Ile ya wati 2000 kwa volti 230 ina omu 26 na nusu hivi. Umeme ukishuka hadi volti 180, wati zinabaki kama 1,225 tu. Wanaolalamika kwamba maji yanachelewa kuchemka wana haki.

Walimu, nawaomba sana: mkifundisha Kanuni ya Ohm, wapeni vijana balbu baridi na mita waipime wenyewe kabla ya kuandika fomula ubaoni.