Jiwe Gani Linayeyuka Dirishani?

Wengi mnanijua kwa mashela na abaya, na kwa yale maswali yenu ya kitambaa gani kinafaa joto la Unguja. Leo mniwie radhi, sitazungumzia kitambaa. Leo nina ugomvi, na nimeuweka moyoni tangu mwezi wa Rajabu.

Binti mmoja alikuja dukani kwangu hapa Kaliua kupima shela lake mara ya 3. Kila akija napunguza kiuno. Mara ya kwanza inchi 1, mara ya pili inchi 2 nzima, na mara hii shela likawa linamning'inia kama limetundikwa msumarini. Mama yake kafurahi, mashangazi wamefurahi, wanasema bi harusi kajitunza. Kumbe asubuhi anakunywa maji ya moto na ndimu, mchana tango, usiku hali kitu. Nikamgeuza mbele ya kioo nimfunge vifungo vya mgongoni, nikaona kwenye kioo macho yake ni ya njano. Nikadhani ni taa. Nikamtoa nje barazani, kwenye mwanga wa jua. Njano ile ile.

Nikamuuliza, unaumwa chini ya mbavu za kulia, maumivu yakapanda mpaka nyuma ya bega? Akanitazama kama nimempigia ramli. Akasema, "Ndiyo dada, ila ni tumbo tu, na dawa nimeshapata." Akatoa chupa kwenye mkoba. Chupa ile naijua. Mimi mwenyewe niliwahi kununua 7.

Yangu yalianza Ramadhani, siku ya pili, baada ya futari. Sambusa, kachori, uji wa nazi, mnajua wenyewe. Yakaja maumivu ambayo sijui niyafananishe na nini, na nimezaa watoto 3. Ukilala yapo, ukikaa yapo, ukiinama yapo. Yakakaa mpaka karibu na daku, yakaondoka kama hayakuwahi kuwepo. Kituo nilichokwenda wakaniambia vidonda vya tumbo. Nikanywa dawa za vidonda miaka 2. Huku kwetu maumivu yote ya juu ya kitovu ni vidonda vya tumbo, kama vile zamani homa zote zilikuwa malaria, na hakuna aliyenigusa hata mbavu. Siku nilipopimwa ultrasaundi Tabora mjini haikuchukua dakika 10. Dada wa kipimo akanigeuzia kioo akaanza kunihesabia mawe, alipofika 5 akaacha.

Mfuko wa nyongo uko chini ya ini, upande wa kulia, mdogo tu, unaingia kama mililita 50. Nyongo yenyewe haitengenezwi mle, inatengenezwa na ini. Mfuko ni ghala tu. Ukila chakula cha mafuta, mfuko unajibana, unaimwaga nyongo kwenye utumbo ikayeyushe yale mafuta. Nyongo ikizidi lehemu, au mfuko ukiwa mvivu wa kujimwaga, inaganda, inakuwa mchanga, mchanga unakuwa mawe. Siku jiwe likiziba mlango wakati mfuko unajibana, ndiyo ile usiku wa futari.

Na sisi wanawake tunapata zaidi kuliko wanaume. Mimba zinachangia, maana homoni zake zinaulegeza mfuko na kuongeza lehemu kwenye nyongo. Unene unachangia. Halafu kuna hili ambalo mabibi harusi hawaambiwi na mtu: kukonda kwa haraka nako kunaleta mawe. Ukijinyima ghafla, mwili unayeyusha mafuta yake, ini linamwaga lehemu nyingi kwenye nyongo, na mfuko nao umekaa bila kazi kwa sababu huli mafuta. Kwa hiyo unajikondesha uingie kwenye shela, unaingia wodini. Wenye selimundu nao, ambao nchi yetu inao wengi sana, wanapata mawe ya aina yao hata wakiwa wembamba na wadogo, kwa sababu damu yao inavunjika haraka. Kama una selimundu na unaumwa upande huo, usikubali kuambiwa "ni ile ile ya kawaida yako."

Sasa turudi kwenye chupa.

Inauzwa 35,000. Karatasi yake ina picha ya msikiti na maneno ya Kiarabu, na muuzaji anaitwa tabibu. Ndani kuna mafuta ya zeituni yaliyochanganywa na habbat soda. Unaambiwa ufunge siku nzima, jioni unywe chumvi ya kuharisha, usiku unywe nusu kikombe cha mafuta pamoja na ndimu zilizokamuliwa, ulale ubavu wa kulia. Asubuhi utayaona mawe chooni. Na kweli unayaona! Ya kijani, laini laini, mengine makubwa kama maharage. Mimi nililia kwa furaha. Nikasema Alhamdulillah, nimeepuka kisu. Nikayaosha, nikayaweka kwenye chupa ya kioo dirishani, karibu na cherehani, nimwonyeshe mume wangu akirudi safari.

Ulikuwa mwezi wa 10, mnalijua jua la Tabora mwezi wa 10. Mchana wake nikatazama, mawe hayapo. Kuna mafuta ya kijani yametulia chini ya chupa.

Jiwe gani linayeyuka dirishani?

Nilimpigia tabibu. Akasema hiyo ni dalili kwamba dawa imeyalainisha, niongeze dozi. Nikaongeza. Chupa 7 mara 35,000 ni 245,000, pesa ya kununua cherehani nyingine ya mkono wa pili. Ultrasaundi ilikuwa 25,000.

Baadaye sana nilijua kwamba si mimi peke yangu. Mwaka 2005 jarida la madaktari liitwalo The Lancet liliandika habari ya mama mmoja wa miaka 40 huko Nyuzilandi, aliyekunywa mafuta ya zeituni na ndimu kama mimi, akatoa mawe ya kijani kama yangu. Yakapelekwa maabara. Yakayeyuka kwenye joto la nyuzi 40. Hayakuwa na lehemu wala chokaa wala rangi ya nyongo, vitu ambavyo ndivyo mawe ya kweli yanavyotengenezwa. Yalikuwa sabuni. Mafuta aliyokunywa yamekutana na ndimu na maji ya tumboni yakageuka sabuni. Mawe yake ya kweli yalikuwa bado mfukoni, akatolewa kwa upasuaji. Na sisi wa njia ya reli hii ndio wa kudanganywa na sabuni? Sisi ambao mawese yanateremka kwa treni kutoka Kigoma, na mama zetu wanapika sabuni nyuma ya nyumba? Nilijiona mjinga, sifichi.

Nitaambiwa napiga vita dawa za Sunna. Hapana. Habbat soda iko jikoni kwangu, naitia kwenye mikate. Asali ya Tabora ndiyo sukari ya nyumba yangu. Kwenye hijama nimekwenda na nitakwenda. Ninachokipinga ni mtu kulichukua jina la Mtume (S.A.W) akalibandika kwenye chupa ya 35,000, ili ukiuliza swali uonekane umeitilia shaka dini badala ya kumtilia shaka yeye. Tena wasitufiche: Mtume huyo huyo alimtuma tabibu kwa Ubayy bin Kaab, naye akamkata mshipa kisha akachoma pale alipokata. Imo katika Sahihi Muslim. Kukata kumo ndani ya Sunna, dada zangu. Na katika Sunan Abu Daud imepokewa kwamba anayejitia utabibu naye hajulikani kwa utabibu, madhara yako juu ya shingo yake, atayalipa. Hiyo mbona haiandikwi kwenye karatasi ya chupa?

Upasuaji si wa wazungu peke yao pia. Al-Zahrawi wa Andalusia, Muislamu, miaka 1,000 iliyopita alichora vyombo vya upasuaji kitabuni akafundisha matumizi yake. Kutoa mfuko wa nyongo alianza Mjerumani Carl Langenbuch kule Berlin mwaka 1882, na hoja yake ilikuwa rahisi: ukitoa mawe ukaacha mfuko, mfuko utatengeneza mengine. Mimi fundi nimemwelewa hapo hapo. Nguo ikiliwa na nondo huziki tundu moja moja huku nondo wako kabatini.

Mwaka 2011 tuliwacheka watu waliokwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile kunywa kikombe. Magari yalipanga foleni kilomita na kilomita, watu walitoka kwenye vitanda vya hospitali, wengine wakafia njiani na kwenye foleni. Tukasema, jamani, watu hawana elimu. Babu alitoza shilingi 500. Sisi leo tuna vikombe vyetu, na vyetu ni ghali mara 70.

Lile la "Mungu hakuumba kiungo bure" nimelisikia kwa mama mkwe wangu, na nilimjibu kwa adabu: kweli mama, hakuumba bure, wala jino hakuliumba bure, na lako limeng'olewa. Ukitolewa mfuko, ini linaendelea kutengeneza nyongo, ila inateremka moja kwa moja kwenye utumbo bila kupita ghalani. Mimi nakula pilau. Miezi ya kwanza nilikuwa nakwenda chooni mbio nikila mafuta mengi, baadaye pakatulia.

Kuhusu daktari mwanaume, tafuta mwanamke kwanza, omba, usione haya kuomba. Akikosekana, hii ni dharura na wanavyuoni wameshalisema, muuguzi wa kike anakuwepo na unafunikwa kila pasipohusika. Kulala na macho ya njano nyumbani kwa kuona haya hakujaamrishwa na yeyote. Na lile la "bi harusi mwenye mshono"... Mimi nilipasuliwa kwa mkato wa wazi chini ya mbavu, kwa sababu ndio uliopatikana, mshono wangu una urefu kama wa zipu ya sketi. Wenye nafasi ya kufika hospitali kubwa wanafanyiwa kwa matundu madogo, kila tundu halizidi sana tundu la kifungo cha koti, unatembea kesho yake. Mume wangu kauona mshono siku ya kwanza, akauliza kama unawasha. Basi.

Na madaktari nao nina neno nao. Mtu akikutwa na mawe kwa bahati, hayajawahi kumuuma, mara nyingi huachwa nayo, maana wengi wanaishi nayo mpaka mwisho bila shida. Kwa hiyo usikimbilie kisu kwa kuona picha tu. Lakini mwelezeni mgonjwa! Mimi niliambiwa "una mawe, njoo ufanyiwe oparesheni" na mlango ukafungwa. Sikuambiwa yako wapi, yametoka wapi, kwamba zipo dawa za kuyeyusha mawe madogo ya lehemu ila zinachukua miezi mingi na mawe hurudi, wala kwamba oparesheni ina hatari zake, kama kujeruhi mrija wa nyongo, japo ni nadra. Dakika 3. Tabibu wa chupa alikaa na mimi saa nzima, akaniuliza watoto hawajambo. Mnashangaa tunakwenda kwake?

Lakini homa na kutetemeka, macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi, choo cheupe kama udongo, au maumivu yaliyopita saa 5 bila kupoa, hapo hakuna cha chupa wala cha kusubiri asubuhi. Hapo jiwe limetoka mfukoni limeziba mrija, na unaweza kufa.

Yule binti lilikuwa limeziba. Nilifunga duka, nikampigia mama yake, tukampeleka jioni ile ile. Kongosho lilikuwa limeshavimba. Amelala siku 11 wodini kabla hajatulizwa akapasuliwa, na siku ya 4 mama yake alinipigia usiku akaniuliza sanda zinauzwa wapi zilizo nzuri. Sikuweza kumjibu. Upande wa bwana harusi waliingia maneno, kwamba binti ana ini, kwamba wameuziwa mgonjwa. Shangazi yao mmoja alikuja mpaka dukani kuniuliza mimi, kama vile nashona na vyeti vya hospitali. Nikamfunulia mshono wangu palepale kwenye mashine.

Kijana mwenyewe hakurudi nyuma, Mungu amlipe, alikuwa anapeleka uji kila asubuhi. Nikaha imesogezwa mpaka Mfungo Mosi. Wiki iliyopita binti kaja, ana mashavu. Shela halikumwingia, nimefumua mishono ya ubavuni na kurudisha zile inchi 3 nilizozipunguza.