Damu baada ya kukoma hedhi: sampuli isafiri, si mama

Mwanamke aliyekaa mwaka mzima bila hedhi, kisha akaona damu, hata matone machache, anahitaji kupimwa. Wengi husema hedhi imerudi, au ni uchovu wa shamba, wakasubiri. Kati ya wanawake 100 wenye dalili hiyo, takriban 9 hukutwa na saratani ya mfuko wa uzazi. Wengi waliobaki wana sababu nyepesi zaidi, lakini kwa macho hatuwezi kuwatofautisha.

Kipimo cha siki kinachofanywa kliniki huangalia mlango wa kizazi tu. Ni muhimu, ila hakioni ndani. Kujua kilichomo ndani ya mfuko, tunachukua kinyama kidogo cha utando wake na kukipeleka maabara.

Akina mama wakisikia hivyo huogopa, maana wanakumbuka kusafishwa kizazi: chumba cha upasuaji, nusu kaputi, na gharama zake. Mara nyingi hayo si lazima. Mrija mwembamba wa plastiki, unene wa milimita 3 hivi, hupitishwa kwenye mlango wa kizazi na kufyonza sampuli kwa dakika chache. Mama humeza dawa ya maumivu kabla, husikia maumivu kama ya hedhi, kisha hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Pasipo mrija huo, bomba la kufyonza kwa mkono, linalotumika kuwahudumia walioharibikiwa mimba, hufanya kazi hiyohiyo. Mjamzito hafanyiwi kipimo hiki, na mwenye maambukizi hutibiwa kwanza.

Kwa nini basi mama wa Mikumi asafiri zaidi ya kilometa 100 hadi Morogoro kwa kazi fupi hivyo? Kinyama kilichowekwa kwenye formalini hakihitaji barafu. Chenyewe kinaweza kusafiri. Kinachotakiwa ni wahudumu waliofundishwa, vichupa vya formalini, na utaratibu wa kupeleka sampuli na kurudisha majibu. Halmashauri iviweke kwenye bajeti. Sampuli isiyorudi na majibu ni sawa na kutopimwa.

Nawe mama, ukiambiwa majibu ni mazuri lakini damu ikaendelea, rudi. Mrija unaweza kukosa sehemu yenye ugonjwa. Na ninyi mabinti, waulizeni mama zenu. Wengi wanaona haya kulisema wenyewe.