Tibu Ukuta Kabla ya Kuupaka Rangi



Mwezi wa Shaabani ukiingia, mitaa yetu huanza kunukia rangi. Kila nyumba hupenda kuupokea mwezi mtukufu ikiwa safi, na hilo ni jambo jema. Lakini sote twazijua zile kuta ambazo Mfunguo Mosi haujaisha, rangi yake imekwisha kututumka na kubambuka, na unga mweupe umetanda sakafuni. Mwaka wa pili hupakwa tena, na fedha zilizopotea jana hupotea tena leo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba kuupaka ufa rangi si kuuziba.

La kwanza ni kuutambua ugonjwa. Doa likiwa juu, karibu na dari, maji yatoka kwenye paa au bomba. Likiwa chini, kimo cha goti au kiuno, ukuta wanyonya maji ya ardhini. Ikiwa hujui kama unyevu watoka ndani ya ukuta au hewani, bandika kipande cha nailoni ukutani, uzibe kingo zote kwa utepe, ukiache siku moja. Matone yakionekana upande wa ndani, ukuta wenyewe una maji. Yakiwa upande wa nje, ni unyevu wa hewa, na dawa yake ni kufungua madirisha. Ukuta wenye maji usipakwe rangi mpaka chanzo chake kizibwe.

Wanaokaa katika nyumba kongwe za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa wana jambo la ziada la kuzingatia. Nyumba hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake huvuta pumzi: hunywa unyevu na kuutoa tena kupitia lipu ya chokaa. Ukizipiga lipu ya simiti au kuzipaka rangi ya mafuta, pumzi hiyo huzibwa. Maji hukosa njia, hupanda juu zaidi, na chumvi iliyomo hukauka na kuganda nyuma ya lipu, ikaisukuma mpaka ikadondoka. Ndiyo maana fundi hutengeneza kwa simiti leo, na mwakani pakabambuka pale pale au shibiri moja juu yake. Ukuta wa chokaa hutengenezwa kwa chokaa: sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga, kwa matabaka membamba, kisha hupakwa chokaa au rangi inayopitisha hewa.

Nyumba za matofali ya simiti hutengenezwa kwa simiti bila tatizo, mradi mchanga usiwe wa ufuoni. Mchanga wa bahari huja na chumvi yake, nayo itatokeza ukutani tu.

Kazi yenyewe ina mpangilio wake. Funika vyombo, na zima umeme wa chumba ikiwa fundi atachimba karibu na swichi. Kisha agonge ukuta polepole kwa mpini wa mwiko. Panapolia kama pakavu na tupu, lipu imeachana na jiwe, nayo ni ya kubomolewa mpaka panapolia pazito. Unga wa chumvi usugueni kwa brashi kavu, mkauzoe na kuutupa nje. Msiuoshe, kwani maji huuyeyusha na kuurudisha ndani.

Ufa mdogo nao hauzibwi kwa kupakwa juu juu. Uchimbwe kidogo kwa patasi mpaka uwe na nafasi ya kushika, utolewe vumbi, uloweshwe, kisha ujazwe kwa matabaka. Ama ufa unaokatiza mshazari kutoka pembe ya mlango au dirisha, wekeni alama za penseli kwenye ncha zake na muandike tarehe. Baada ya miezi michache ukiwa umezipita alama, basi nyumba yenyewe yatembea. Mwiteni mwashi mzoefu, si mpaka rangi.

Lipu mpya ya simiti inyunyiziwe maji kwa siku saba, kisha iachwe ikauke. Mafundi wazoefu hungoja siku 28 kabla ya kupaka rangi, na ya chokaa yaweza kutaka muda zaidi. Kwa hiyo kazi hii ni bora ianzwe wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu, wala si masika yakiwa mlangoni. Anayeanza kutengeneza ukuta siku kumi kabla ya Ramadhani amekwisha kuchelewa, na ni afadhali auache na doa lake kuliko kuufunika ungali mbichi.

Kuna amana nyingine hapa, nayo ni watoto. Rangi za zamani za mafuta huenda zikawa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru akili za wadogo na mimba zilizo tumboni. Rangi kuukuu isipigwe msasa mkavu. Iloweshwe kwanza, na watoto na waja wazito wasiwe chumbani mpaka pafutwe kwa kitambaa kibichi.

Mwisho, elewaneni na fundi mapema, na bei ya kutengeneza ukuta iwe mbali na bei ya kupaka rangi. Zikichanganywa, aghalabu kinachopunguzwa ni ile kazi isiyoonekana, na hiyo ndiyo inayodumu. Akina mama, nyinyi ndio mnaoshinda nyumbani kazi ikiendelea: simameni muone ukuta ukigongwa kabla ya kopo la rangi kufunguliwa.

Tukutane wiki ijayo, inshaAllah.