Malengo ya Bonane katika mji unaoishi kwa kobalti

Siku za Bonane hapa Kolwezi swali ni moja: mwaka huu utafanya nini? Na majibu tunayajua. Huyu atanunua kiwanja, yule atamaliza nyumba, mwingine ataacha pombe. Mimi mwenyewe Januari 2025 niliandika malengo matano kwenye daftari. Nimetimiza moja tu, pesa ya masomo ya mdogo wangu, na hilo ni kwa sababu mama alinikumbusha kila mwezi.

Lakini kwetu Lualaba malengo ya mtu hayategemei nia yake peke yake. Tarehe 22 Februari 2025, serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti kwenda nje kwa miezi minne, maana bei ilikuwa imeanguka vibaya. Mwezi wa sita ikaongeza miezi mitatu. Tangu tarehe 16 Oktoba mlango umefunguliwa, ila kwa kipimo: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya 2025, kisha tani 96,600 kwa mwaka 2026 na vilevile 2027. Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, kwa hiyo tukifunga hapa, bei inapanda kule. Na ilipanda kweli. Serikali ilikuwa na sababu yake. Ila mama anayepika bukari kwenye njia ya Musompo hauzi kwa bei ya London. Wateja wake ni wachimbaji, na mchimbaji aliyekosa mnunuzi anakula kwa deni.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaohubiri kwamba ukishindwa malengo, kosa ni lako tu. Aliyeandika mwaka jana «nyumba itaisha mwezi wa nane» si mvivu. Asijilaumu bure, aandike upya, ahesabu kilichoingia na kilichotoka, hata kama ni kidogo.

Kuna hesabu nyingine nzito zaidi. Tarehe 15 Novemba, katika mgodi wa Kalando, daraja walilojitengenezea wachimbaji juu ya mfereji uliojaa maji lilivunjika. Waziri wa mambo ya ndani wa jimbo, Roy Kaumba, alitangaza vifo visivyopungua 32. Kuingia pale kulikuwa kumekatazwa kwa sababu ya mvua na hatari ya udongo kuporomoka. SAEMAPE, idara inayosimamia wachimbaji wadogo, ilisema watu walikimbilia darajani kwa hofu ya risasi za askari. Familia zile zimeingia 2026 na viti vitupu mezani.

Tuangalie kalenda vizuri. Novemba na Desemba ni miezi ya mvua, udongo unalegea. Ni miezi hiyohiyo ambayo kila nyumba inatafuta pesa ya sikukuu, nguo za watoto, kuku, kinywaji. Basi lengo ninalolipendekeza ni dogo: pesa ya Bonane ijayo itafutwe wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano. Wenye likelemba wapange zamu za wachimbaji ziangukie mwezi wa kumi na moja, ili mtu awe na sababu ya kubaki nyumbani mgodi ukijaa maji. Wake zetu wanajua kuendesha likelemba kuliko sisi, tuwaachie daftari.

Wakubwa nao waandike ya kwao. Sheria ya madini ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inaruhusu kufungua maeneo ya wachimbaji wadogo. Yako wapi yanayotosha watu wote hawa? Sheria hiyohiyo inatoa asilimia 15 ya mrabaha wa madini kwa serikali za mitaa pale mgodi ulipo. Mwaka huu nimeandika malengo mawili tu, na la kwanza ni kwenda kwenye ofisi ya komuni yetu kuuliza pesa hiyo imejenga nini.

La pili ni la mama: kurudisha deni langu kabla ya Pasaka.