Jumapili Mwenye Duka Asimame Kaunta Mwenyewe

Sheria ninayoitaka ni fupi. Siku ya Jumapili, anayetaka kufungua duka na afungue, mradi asimame kaunta mwenyewe. Mumewe au mkewe amsaidie, watoto wake waliokwisha kukua wamsaidie. Lakini kumtoa binti wa watu Mbagala au Gongo la Mboto alfajiri na kumkalisha kwenye mashine ya malipo hadi usiku, siku ambayo shule, mahakama na ofisi za serikali zimefungwa, hilo likatazwe. Famasi ziachwe. Vituo vya mafuta, hoteli, migahawa na maduka ya stendi yaachwe. Supamaketi, maduka ya nguo, ya simu, ya samani na ya vifaa vya ujenzi yafungwe mpaka Jumatatu asubuhi, isipokuwa pale mwenye mali atakapokuja kuuza kwa mikono yake.

Nayasema haya wakati nchi inakimbilia upande mwingine kabisa. Mapema mwaka 2025 biashara ya saa 24 ilizinduliwa rasmi Kariakoo. Zikatajwa taa, kamera, ulinzi na mapato. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mteja aliyetoka Lubumbashi au Lilongwe kufunga mzigo ananufaika akikuta soko liko wazi. Lakini yule kijana anayemfungia mzigo huo analala saa ngapi? Wanawe wanamwona lini? Tumeimba mapato mpaka tumesahau kwamba duka halijifungui lenyewe, na kwamba kila saa tunayoiongeza mlangoni inakatwa kwenye maisha ya mtu.

Watetezi wa milango wazi hujibu haraka kwamba mfanyakazi analindwa na sheria. Hebu tuisome. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka ukomo wa siku sita za kazi na saa 45 za kawaida kwa wiki. Kifungu cha 24 kinampa mfanyakazi mapumziko ya angalau saa 24 kila wiki, na akikubali kwa maandishi kufanya kazi ndani ya mapumziko hayo, kila saa alipwe mara mbili ya mshahara wake wa msingi. Ukiishia hapo utadhani Jumapili ya keshia ina thamani kubwa. Haina. Sheria haikutaja siku. Anachofanya mwajiri ni kuandika kwenye ratiba ya zamu kwamba ofu ya fulani ni Jumanne na ya mwenzake ni Jumatano, na kuanzia hapo Jumapili inageuka siku ya kazi kama Alhamisi, kwa malipo ya Alhamisi. Hajavunja kifungu hata kimoja. Mkaguzi wa kazi akija leo ataondoka ameridhika.

Na hiyo ofu ya Jumanne ina faida gani? Jumanne mtoto yuko shule. Mume yuko kazini, mama mzazi yuko shamba au sokoni, majirani wametawanyika. Mwenye ofu anabaki na ndoo za kufulia na redio. Kikoba hakikai Jumanne. Kamati ya harusi ya mdogo wake haikutani Jumanne saa nne asubuhi. Kipaimara, ubatizo, maulidi ya mtaani, kumtazama mgonjwa, kumpeleka mtoto kwa bibi yake, yote haya watu huyapanga Jumapili, kwa sababu ndiyo siku wanayojua watakutana. Kikoba kinakaa Jumapili alasiri na asiyefika anatozwa faini. Akikosa mfululizo, siku atakayoomba mkopo wa ada watu watatazamana. Msiba ukimfika, watakaokuja kukaa naye ni wale aliowahi kukaa nao. Yeye amekaa na nani, ikiwa kila Jumapili alikuwa anapitisha pakiti za sukari mbele ya mashine?

Hapa ndipo wanaoizungumzia Jumapili kama suala la starehe wanaponikasirisha. Katika miji yetu, walio wengi hawana bima ya maana wala akiba benki. Kinga yao ni watu. Anayezichukua Jumapili za keshia mwaka baada ya mwaka anamwondoa kwenye kikoba, kwenye jumuiya, kwenye ukoo, kisha siku akiugua anamwachia mshahara wa kima cha chini na barua ya pole. Shirika la Kazi Duniani lililiona jambo hili zamani: Mkataba wake Namba 106 wa mwaka 1957, unaohusu mapumziko ya wiki katika biashara na ofisi, unataka mapumziko yatolewe kwa wafanyakazi wote wa kila mahali pa kazi kwa wakati mmoja kila inapowezekana, na yaangukie siku inayotambuliwa kwa mila na desturi za nchi.

Tutaambiwa kwamba kufunga maduka ni uvivu na nchi maskini haina nafasi ya uvivu. Basi twende Ujerumani, yenye uchumi mkubwa kuliko wote barani Ulaya. Supamaketi za huko hufungwa Jumapili. Kinga ya Jumapili iliandikwa kwenye katiba ya Weimar ya mwaka 1919 na ikahamishiwa kwenye katiba ya sasa. Berlin ilipojaribu kuruhusu maduka yafunguliwe Jumapili zote nne za kuelekea Krismasi, makanisa yalikwenda mahakamani, na tarehe 1 Desemba 2009 Mahakama ya Katiba ikasema hapana. Vyama vya wafanyakazi vilisimama upande mmoja na maaskofu, jambo ambalo halitokei kila siku.

Poland ndiko nilikoichukua kanuni ya kaunta. Chama cha wafanyakazi cha Solidarność, kilekile kilichoitikisa serikali ya kikomunisti miaka ya 1980, kilidai Jumapili ya wauzaji, na sheria ikaanza kutumika Machi 2018. Iliingia hatua kwa hatua: kwanza baadhi ya Jumapili za mwezi, kisha karibu zote. Mwenye duka anayesimama mwenyewe ameruhusiwa kuuza. Wenye minyororo ya maduka walitafuta upenyo, wakajiandikisha kama vituo vya posta kwa kuwa wanapokea vifurushi, mpaka marekebisho ya sheria yaliyoanza kutumika mwaka 2022 yakauziba upenyo huo. Tuukumbuke ujanja huo, kwa maana hapa kwetu utafika kabla wino haujakauka.

England na Wales zilichagua kipimo kingine, na kosa lao linafundisha kuliko mafanikio yao. Mwaka 1986 serikali ya Margaret Thatcher, yenye wabunge wengi kupindukia, ilipeleka muswada wa kuondoa vizuizi vyote vya Jumapili, ukaangushwa kwa kura 296 dhidi ya 282. Wabunge wa chama chake mwenyewe walimgeuka, wengine kwa ajili ya kanisa, wengine kwa ajili ya wauza maduka wadogo wa majimboni mwao. Mwaka 1994 wakafikia maridhiano: duka lenye eneo la mauzo linalozidi mita za mraba 280 lifunguliwe saa sita tu Jumapili, kati ya saa 4 asubuhi na saa 12 jioni, na duka dogo lifungue litakavyo. Nia ilikuwa kumlinda mdogo. Kilichofuata ni kwamba makampuni makubwa yalijenga matawi madogo yaliyo chini ya kipimo hicho, mtaa kwa mtaa, yakamfuata mwenye duka la kona mpaka mlangoni pake. Mita za mraba zilipima sakafu wakati tatizo lilikuwa mmiliki. Hata hivyo, serikali ya David Cameron ilipotaka kuzilegeza saa hizo Machi 2016, bunge lilikataa tena, 317 kwa 286. Waingereza, wanaosifiwa kwa biashara huria, wameitetea Jumapili yao bungeni mara mbili katika miaka 30.

Ndiyo maana nasema tupime kwa mtu aliyesimama kaunta. Kampuni haina miguu ya kusimama, Mangi, mwenye duka la mtaani, anayo. Siku ambayo supamaketi imefunga, unga, mafuta, sabuni na maziwa vitanunuliwa dukani kwake, gengeni kwa mama wa mtaa, kwenye meza ya muuza mboga. Fedha ya familia haiongezeki kwa sababu mlango umekaa wazi siku saba. Mwenye shilingi laki moja ya matumizi ya wiki ataitumia ile ile laki moja. Swali ni nani ataipokea. Kwa siku moja ipokelewe na mtu anayeishi mtaani, anayekukopesha mwezi unapokwenda vibaya.

Lakini hapa sitampaka mafuta Mangi. Maduka mengi ya mtaani hayauzwi na wenyewe. Yanauzwa na kijana aliyeletwa kutoka kijijini, anayefungua saa 12 asubuhi, anafunga saa 4 usiku, na kulala palepale kati ya magunia. Huyu hana ratiba ya zamu wala ofu ya Jumanne, na mkataba hajawahi kuuona. Kanuni ninayoitetea inamgusa na yeye: Jumapili bosi wake aje auze mwenyewe, au afunge dirisha. Na ndiyo sababu sheria itaje mume, mke na watoto waliokwisha kukua, basi. Ikiruhusu neno "ndugu", kesho yake vijana wote wa maduka wataitwa wapwa. Najua wenye maduka watanikasirikia. Wanikasirikie, ila wajibu swali: kijana yule naye si mtoto wa mtu?

Kuna mteja anayesema Jumapili ndiyo siku pekee anayopata nafasi ya kununua vitu. Ninamwelewa, na ninamwambia kwamba naye ameibiwa. Ikiwa unafanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi mpaka giza, deni lako liko kwa mwajiri wako, ambaye pengine anavuka saa zile 45 bila kulipa ziada. Usilidai kwa keshia. Maduka yanaweza kukaa wazi mpaka usiku siku mbili tatu za wiki, na Jumamosi kutwa.

Pingamizi la dini ni zito zaidi, na linastahili jibu la heshima. Tanzania haina dini ya taifa. Kwa nini Jumapili, siku ya Wakristo, na si Ijumaa au Jumamosi? Ingekuwa hoja yangu ni ibada, ningenyamaza. Pwani na Visiwani maduka mengi hufungwa wakati wa sala ya Ijumaa bila polisi kuitwa, na hakuna anayeona ajabu. Nimeichagua Jumapili kwa sababu moja: shule na ofisi za umma zimekwisha kufungwa siku hiyo, hivyo mtoto wa Mwislamu na wa Mkristo wote wako nyumbani wakimsubiri mzazi. Mahakama ya Juu ya Kanada iliwahi kulitenganisha jambo hili vizuri. Mwaka 1985 iliifuta sheria ya Jumapili kwa kuwa lengo lake lilikuwa la kidini. Mwaka uliofuata ikaiacha sheria ya Ontario, kwa kuwa ile ilikusudia kuwapa wauzaji siku ya pamoja ya kupumzika, na ilimpa nafuu mwenye duka dogo anayefunga Jumamosi. Na sisi tumwandikie Mwislamu na Msabato haki hiyo waziwazi: anayefunga duka lake kutwa Ijumaa au Jumamosi, na kuwapumzisha watu wake, afungue Jumapili.

Wengine watanitajia Hungary, iliyofunga maduka makubwa Machi 2015 na kuifuta sheria yake Aprili 2016. Ni kweli. Watu waliichukia, wapinzani wakadai kura ya maoni, serikali ikarudi nyuma. Sheria ya aina hii haishushwi ghafla kutoka juu. Tuanze na Jumapili moja kwa mwezi kwa mwaka mzima, kisha mbili, kila mtu aone unga haukuisha mjini.

Na wale wanaoamini kwamba milango isiyofungwa ndiyo maendeleo waikumbuke Nakumatt ya Kenya, iliyojivunia matawi ya saa 24 na mwaka 2014 ikachukua hata maduka ya Shoprite hapa Tanzania. Mwaka 2018 iliwekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifilisiwe, huku wasambazaji wakibaki na mabilioni ya shilingi hewani. Sisemi kwamba saa 24 ndizo zilizoiua. Madeni ndiyo yaliyoiua. Nasema hazikuiokoa, na wafanyakazi waliozitoa Jumapili zao kwa ajili yake hawatarudishiwa hata moja.

TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, wauzaji hawa wa madukani ni watu wenu. Mnapokaa mezani na waajiri kujadili mikataba ya hali bora, msirudi na nyongeza ya mshahara peke yake, daini siku. Waheshimiwa wabunge, kifungu ni cha 24, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Kiongezeeni maneno machache yanayosema kwamba mapumziko ya wiki ya mfanyakazi wa duka ni Jumapili, isipokuwa pale yeye na mwajiri wake wanapoitunza Ijumaa au Jumamosi. Nawe msomaji, Jumapili ijayo nunua mkate kwa jirani yako, na umuulize kijana aliyekupa chenji mara ya mwisho alikwenda kwao lini.